Hakikuwa Kiunoni Kwake

Nimezaliwa Mkwajuni, enzi hizo ikiwa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Baba yangu alikuwa mtafuta dhahabu, kama baba wengi wa huku. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa miaka ya 1920, na hapo Saza, jirani yetu, Waingereza walikuwa na mgodi mkubwa waliouacha kabla ya Uhuru. Mgodi ulifungwa, watu hawakuondoka, na wengine wakaendelea kuja. Ndiyo maana sisi tulikua mchanganyiko: Wabungu na Wakimbu wenyeji, Wanyiha, Wasafwa, Wanyamwanga kutoka upande wa mpakani, Wanyakyusa wenye maduka, na baadaye Wasukuma walioshuka na ng'ombe zao katika bonde la Ziwa Rukwa.

Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Baada ya mavuno, mihogo na ulezi vikiwa ndani, hapakupita Jumamosi bila kusikia ngoma upande mmoja au mwingine wa mji. Sisi watoto tulizifuata zote. Kwetu wanaume ndio walioshika ngoma na filimbi, wanawake wakajifunga kibwebwe na kupanga mstari. Sikuwahi kuuliza kwa nini iwe hivyo. Mtoto haulizi, anatazama tu na kukariri nani anapiga, nani anaimba, nani anasogea karibu na nani.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu wapo wanaume wengi ninaowafahamu, na wanawake wachache, ambao wamesimama leo pale nilipokuwa nimesimama mimi miaka mingi. Sikutoka pale kwa akili yangu.

Nianze na jambo ambalo kwa muda mrefu sikulihesabu kuwa jambo.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa na marafiki Wasukuma, na tulikuwa tukienda pamoja kwenye ngoma zao. Nani asingekwenda? Wasukuma wana vyama vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na wakikutana uwanjani watazamaji huhama upande huu hadi ule kumfuata anayewavutia zaidi. Wapo wanaocheza na majembe, bugobogobo, jembe likirushwa juu na kudakwa bila mguu kukosea pigo. Nilizipenda ngoma hizo na bado nazipenda.

Lakini jua likizama, watu wakirudi makwao, kulikuwa na desturi ya chagulaga. Vijana wanamkuta msichana njiani, wanamzunguka, wanamwambia achague mmoja wao. Wazee wa Kisukuma niliokuja kuzungumza nao ukubwani wanasema zamani jambo hili lilikuwa na utaratibu wake: msichana akishachagua, wengine wote wanaondoka, na aliyechaguliwa anajua kwamba nyuma yake kuna wazazi na ng'ombe wa mahari. Mimi sikuwa Msukuma na utaratibu sikuujua. Nilichoiga ni kule kuzunguka peke yake. Ndivyo walivyokuwa wakifanya vijana wengi pale kwetu, wa kila kabila.

Jioni moja tulimzunguka binti tuliyesoma naye, akitoka kisimani. Alisema hamtaki yeyote. Tukacheka. Mmoja alimshika mkono, mwingine akamvuta kanga. Mimi nilichukua ndoo yake nikaificha nyuma yangu ili asiweze kuondoka. Alilia. Mzee mmoja mwenye baiskeli alipita, akatufokea, tukatawanyika. Baada ya siku ile yule binti hakuonekana tena kwenye ngoma, na sisi tukasema ana maringo.

Nikaokoka nikiwa kijana, katika mkutano wa injili uliofanyika uwanja wa mpira. Nilitubu pombe, nilitubu kudokoa senti za dhahabu za baba, nilitubu matusi. Yule binti sikumtaja, na wala sikumficha kwa makusudi. Haikunijia kabisa kwamba kulikuwa na kitu cha kutubu.

Nikasomea ualimu, nikarudi nyumbani kufundisha shule ya msingi. Kanisani nilipanda haraka, kwa kuwa nilijua kusoma vizuri mbele za watu na kuandika mihtasari ya vikao. Nikawa katibu wa baraza la wazee. Na nilipopewa nafasi ya kuhubiri, somo langu lilikuwa ngoma. Nilisema ngoma ni mlango wa shetani, na nilipotaja mlango wenyewe nilitaja viuno. Viuno vya wanawake. Nilikuwa na ufasaha mwingi juu ya viuno.

Shuleni nilikabidhiwa kikundi cha utamaduni kwa sababu walimu wengine hawakukitaka. Nikawaondoa wasichana kwenye kucheza. Mwenge wa Uhuru ulipopita kwetu, kikundi chetu kilikuwa cha wavulana wanaoruka, na wasichana wakasimama nyuma wakiimba, mikono ikiwa imefungwa kifuani. Mgeni mmoja aliuliza kama wanaumwa. Nilijibu kwamba hao ni watoto wenye maadili.

Nilikuwa naijua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Humo alisikitika kwamba wasomi wa enzi zake walijua rumba na chachacha na twisti, lakini wengi hawakuwahi hata kusikia majina ya gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama. Niliwasomesha watoto hotuba hiyo kila mwaka. Kisha kengele ikilia nilikuwa nawazuia wasichana kucheza.

Sasa nimseme shangazi yangu.

Ni dada wa baba yangu, mjane tangu mimi nikiwa mdogo, na ndiye aliyekuwa akiwafunda mabinti wa ukoo wetu na wa koo za jirani kabla hawajaolewa. Katika ngoma ya wanawake yeye ndiye aliyeongoza mstari. Mwaka 2006 aliozwa mjukuu wake, na shangazi akacheza. Alijifunga kibwebwe juu ya kitenge, akaingia katikati, akacheza kama alivyocheza siku zote. Mimi nilikuwa mgeni mwalikwa, nimekaa kwenye kiti, soda mkononi.

Jumatano iliyofuata nilipeleka mashtaka yake barazani. Niliyaandika mwenyewe kwenye muhtasari. Baraza lilisita, kwa kuwa wazee wengine walikuwa na shangazi zao pia, lakini mimi nilikuwa na aya za Biblia na wao hawakuwa nazo mdomoni. Akatengwa, asishiriki meza ya Bwana. Jumapili nikasoma jina lake mbele ya usharika kwa sauti yangu mimi. Aliendelea kuja kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho. Tukitoka nje ananiambia, "Hujambo mwanangu," na mimi namwambia, "Shikamoo shangazi," nikiharakisha kushika njia.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri, na hapa nitasema kwa kifupi kwa heshima ya mke wangu, ambaye ameusoma ushuhuda huu na kuniruhusu. Yeye ni Mndali wa Ileje, alikulia kwenye familia ya nyimbo. Tulipooana nilimwambia mapema kwamba mke wa mzee wa kanisa hachezi. Kwenye kichen pati ya mdogo wake nilimtuma na zawadi na amri ya kurudi kabla wanawake hawajafunga milango. Chumbani sikuwa na neno. Niliamini mwanamke mwenye heshima hana haja ya kitu, na mwenye haja ana walakini. Siku moja mwanzoni mwa ndoa yetu aliniuliza swali kuhusu sisi wawili, swali la mke kwa mume, nami nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ameyatoa wapi. Hakuuliza tena. Tukawa tunaishi kama wapangaji wa nyumba moja: tunagawana chumvi na kusalimiana asubuhi.

Mwaka 2010 aliniaga kwamba anakwenda Itumba kumwangalia mama yake. Hatukuwa tumegombana. Akakaa huko. Kila nikipiga simu mama alikuwa bado hajapona, hadi siku nilipomsikia mama huyo nyuma ya simu akicheka kwa afya njema kabisa.

Sikumwambia mtu. Lakini Mkwajuni si mji mkubwa.

Shangazi alikuja jioni. Nilimkaribisha ndani akakataa, akakaa kwenye kigoda nje, chini ya mwembe, mahali ambapo majirani wangeweza kutuona lakini wasingetusikia.

"Mke yuko wapi?"

"Yuko kwao, shangazi. Mama anaumwa."

"Mama haumwi." Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, nataka nikuulize jambo, na usinijibu kwa aya. Siku ile ya arusi, uliponitazama nikicheza, uliona nini?"

Nilibaki kimya.

"Nimevuka miaka sitini. Magoti yananiuma. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, nimekubeba mgongoni na kukuogesha. Kama pale arusini uliona kitu kingine tofauti na shangazi yako anayefurahia mjukuu wake, basi hicho kitu hakikuwa kiunoni kwangu. Ulikuja nacho."

Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu na kuhubiri mengi kuliko yaliyonipasa. Hakuna lililowahi kunikalisha namna ile. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi sura ya tano ya Mathayo, pale Bwana Yesu anapozungumza juu ya mtu amtazamaye mwanamke kwa kumtamani. Na pale chini ya mwembe ndipo nilipoona kwamba katika maneno yale anayeambiwa ang'oe jicho ni mtazamaji. Mwanamke haambiwi lolote.

Lakini shangazi hakuwa amemaliza.

"Yule binti mliyemzunguka njia ya kisimani aliletwa kwangu usiku uleule. Aliwataja wote, na wewe ukiwemo. Nilinyamaza kwa ajili ya baba yako, na hilo ni kosa langu, nimelibeba. Ulipoanza kuhubiri juu ya viuno, nikasema moyoni, ngoja, iko siku atahubiri juu ya mikono. Nimekaa benchi la mwisho miaka yote hii nasubiri uhubiri juu ya mikono."

Nililia mbele yake.

Hakunibembeleza. Alinieleza, kwa maneno ambayo nusu yake siwezi kuyaandika hapa, wanayofundishwa mabinti kwenye ngoma yao ya ndani: namna ya kuujua mwili wao bila kuuogopa, namna ya kuzungumza na mume, namna ya kumwambia ndiyo na namna ya kumwambia leo hapana. Na akanieleza ngoma ya uwanjani ya ujana wake, ambako wanaume na wanawake walikutana. Mvulana angeweza kumsogelea msichana akicheza, hata akawa karibu sana. Msichana akimgeuzia mgongo, basi, anarudi kwenye mstari wa wanaume. Akizidisha, kaka za msichana wako palepale, wazee wako palepale, na ukoo wa mvulana utaambiwa. "Kucheza karibu halikuwa tatizo," alisema. "Tatizo ni mtu asiyesikia mgongo. Wewe umeiondoa ngoma, mwanangu. Umeweka nini mahali pake?"

Sikuwa nimeweka kitu. Mabinti niliowazuia kucheza walikuwa wakiolewa bila kufundwa na mtu yeyote, na wavulana wangu wanaoruka walikuwa wakiendelea kuwazunguka wenzao njia ya kisimani.

Wiki hiyohiyo shangazi alipanda gari hadi Mbalizi, akalala, kesho yake akafika Mpemba, na toka hapo akashika barabara ya vumbi hadi Itumba. Nauli hakuichukua kwangu. Mwanamke niliyesoma jina lake mbele ya kanisa alisafiri na magoti yake mabovu kwenda kuniombea kwa mke wangu. Ninapoambiwa nieleze neema ni nini, sina mfano mwingine wa kutoa.

Na hakwenda kumchukua. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba shangazi alikaa kwao siku kadhaa akisaidia kupepeta mahindi, na alipoaga alisema tu: mume wako amelia, mengine utaamua mwenyewe. Mke wangu alirudi baada ya kufikiri kwa muda wake. Masharti yake yalikuwa mawili. Atacheza anapotaka kucheza. Na mimi nitajibu akiniuliza.

Ilinichukua muda kujifunza kujibu, na hayo ni ya nyumbani kwetu.

Kuhusu ngoma nilijifunza kwa watu, hasa chumba cha walimu. Serikali hupangia walimu popote, kwa hiyo hapa Mkwajuni tumewahi kuwa na mwalimu kutoka Mtwara, mwingine Dodoma, mwingine Mwanza. Nilianza kuwauliza maswali ambayo mwanzo niliona aibu kuuliza.

Mwenzetu wa Mtwara, Mmakonde, alinisimulia sindimba. Wengi wetu tunaijua kama ngoma ya viuno tu, kwa sababu ndivyo tulivyoiona kwenye majukwaa tangu Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilipoichukua miaka ya 1960, na kelele za kwamba ni aibu zilianza zamani. Yeye alisema kwao ngoma hizo ziliishi pamoja na jando na unyago, na wazee waliomfundisha mtoto ndio waliomtazama akicheza. Ukiichukua ukaipeleka kuwapokea wageni uwanja wa ndege, wageni wataona nini zaidi ya kiuno? Nadhani ana haki. Ila nilimbishia jambo moja, na sisi wawili bado hatujakubaliana: kwamba mafunzo yoyote ya unyumba kwa mtoto ambaye bado yuko shule ya msingi ni mapema mno, hata yakifundishwa na bibi mwenye hekima. Nimeona mabinti wa darasa la sita wakitoka kufundwa na kuhesabiwa wameshakua. Ngoma si malaika.

Mwalimu wa Dodoma ndiye aliyeniangusha zaidi. Ni mama wa Kigogo, mpole, anafundisha hisabati. Siku ya mazoezi wavulana walichelewa, akachukua ngoma, akakaa, akaibana kati ya mapaja, akaanza kupiga. Watoto waliangua kicheko. Mimi mwenyewe, na hii ilikuwa baada ya yote niliyokwisha kuyasimulia, damu ilinipanda usoni na jicho la zamani likafunguka kabla sijalizuia. Aliendelea kupiga hadi kicheko kikaisha chenyewe. Baadaye alisema kwamba kwao muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikishikwa hivyohivyo, na hakuna Mgogo anayeshangaa.

Aprili 2013 Bi Kidude alipofariki Zanzibar, redio zilimzungumza siku nzima. Nilikuwa namjua kwa taarabu. Sikujua kwamba kwa miongo mingi alikuwa kungwi, akiwafunda mabinti kwa ngoma ya unyago. Mke wangu alisikiliza nami, akasema, "Huyo ni shangazi wa watu wote." Pwani wanawake wana lelemama yao na chakacha yao, za arusini wenyewe kwa wenyewe, viuno vikizungushwa mahali ambapo hakuna mwanamume wa kuvitolea hukumu.

Niligundua pia kwamba kila nikisikia habari za ngoma ya mbali, nilikuwa nauliza maswali yaleyale ya shangazi. Uganda, Wanyoro na Watooro wana runyege: wanaume wanajifunga njuga miguuni, wanashindana kwa kukanyaga, na ni ngoma ya wasichana kumchagua anayewafaa. Mwanangu alinionyesha kwenye simu tango ya Argentina, mwanamume na mwanamke kifua kwa kifua, macho wamefumba, na zamani ningezima simu. Akanisomea kwamba kule Buenos Aires mtu haendi kumvuta mwanamke mkono. Anamtazama kutoka mbali, na mwanamke akikubali anaitikia kwa kichwa. Asipotaka anaangalia pembeni, na hakuna aliyeaibika. Kucheza karibu vile, na bado njia ya kukataa imeachwa wazi tangu mwanzo. Nilikumbuka ile ndoo niliyoificha nyuma yangu.

Kisha likaja suala la nani ashike ngoma. Msichana mmoja wa darasa la sita aliomba kupiga. Ana mkono mzuri kuliko wavulana wote. Nikamruhusu, na wazazi wakaja. Mzee mmoja alikuwa amesikia redioni, mwaka huo wa 2017, kwamba Rais wa Burundi ametoa amri wanawake wasipige ngoma zile kubwa za kifalme, zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. "Wenye ngoma zao wamekataza," aliniambia, "wewe nani?" Nilimweleza kwamba jirani tu na hapo, Rwanda, kuna kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, kilichoanzishwa Huye mwaka 2004, na ngoma hazijapasuka. Hakuridhika. Alimtoa mwanawe kwenye kikundi. Lakini yule msichana aliyeomba kupiga aliendelea, hata alipoingia sekondari.

Kanisani nilisimama Jumapili moja mbele ya watu walewale, nikaomba radhi, nikaomba shangazi arudishwe, nikajiuzulu ukatibu. Nilihubiri juu ya mikono. Nilisema la kisimani bila kutaja jina la binti. Wanaume wengine walikasirika, na mmoja alisema nimewavua nguo hadharani. Kurudishwa kwa shangazi kulichukua vikao vingi kuliko kutengwa kwake. Muhtasari wa kumtenga niliuandika usiku mmoja tu. Alipoitwa mbele alikwenda, akapokea, akarudi kukaa benchi lake la mwisho. Nilimuuliza kwa nini hasogei mbele. Akasema huko nyuma kuna hewa.

Yule binti sasa ni mama mwenye biashara yake Tunduma, mpakani. Nilimtuma mke wangu kumwomba nafasi nikamwombe msamaha uso kwa uso. Alijibu kwamba hana haja ya kuniona. Wapo walionishauri nimfuate hata hivyo. Sikumfuata na sitamfuata. Amekataa, na safari hii nimesikia.

Jicho la zamani halijafa. Linafunguka kwenye arusi, linafunguka kwenye mazoezi ya watoto wakubwa, na huwa naangalia chini, namwomba Mungu, kisha nainua macho tena kwa sababu kuangalia chini siku zote nako ni kuwatukana. Mke wangu hucheza. Mwanzo nilikaa na soda yangu. Siku hizi naingia, nacheza vibaya, na yeye akinigeuzia mgongo narudi mstarini huku watu wakicheka.

Mwalimu mwenzangu, na wewe mzee wa kanisa au imamu unayepewa vijana uwalee: ukikabidhiwa kikundi cha ngoma, usianze kwa kupima urefu wa sketi. Tafuta mama anayeaminika akae na wasichana peke yao, awaulize nani huwashika wasipotaka, na wapi, na lini. Sheria ya makosa ya kujamiiana tunayo tangu mwaka 1998, na kumshika binti kwa nguvu kwa kisingizio cha mila ni kosa. Wakitaja majina, yaandike, hata kama moja ni la mtoto wa kaka yako.